Kuiongezea Kumbukumbu Kompyuta ya Shangazi

Shangazi yangu ana duka dogo la steshenari katika mojawapo ya zile barabara za namba za Ngamiani, hapa Tanga. Kwa miaka mingi kazi zote za duka hilo, kuanzia barua za maombi ya kazi hadi kadi za mialiko ya harusi, zimepita katika kompyuta moja ya mezani, HP Compaq 6200 Pro ya umbo dogo, toleo la mwaka 2011 lililotengenezwa kwa ajili ya maofisi, ambayo ilimfikia yeye ikiwa imekwisha kutumika kwingine. Mwishoni mwa Januari 2024, matokeo ya kidato cha nne yalipotoka na vijana wakajaa kibarazani wakitaka kuchapishiwa matokeo yao na kujaziwa fomu, kompyuta hiyo ilianza kuganda. Ukibofya kutoka kwenye barua kwenda kwenye kivinjari, kioo kilibaki vilevile kwa sekunde ishirini, wakati mwingine thelathini, na mteja aliyekuwa na haraka aliaga na kwenda duka la pili.

Nilipofika jioni na kumwamkia, aliitikia marahaba huku bado anakitazama kioo.

"Mashine imechoka hii, mwanangu," akaniambia. "Nimeshashauriwa niitupe, ninunue nyingine."

Neno hilo, kuchoka, ndilo lililonisukuma kuandika makala haya, kwa sababu nimelisikia likitumika kuhukumia kompyuta nyingi zisizokuwa na kosa. Ndani ya kompyuta ya mezani vitu vinavyozunguka na kusuguana ni vichache mno: feni, diski kuu na kisoma CD. Vilivyobaki ama vinafanya kazi ama vimeharibika, na ni nadra viwe katikati. Prosesa ya mashine ya shangazi, yaani chipu inayofanya mahesabu yote, ni Core i3-2100 ya kampuni ya Intel, yenye mapigo bilioni 3.1 kwa sekunde, na mapigo hayo hayakupungua hata moja tangu ilipotoka kiwandani. Kilichobadilika ni mzigo. Kurasa za intaneti za leo ni nzito kuliko za mwaka 2011, mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoziendesha nyingine zote, umekuwa mnene zaidi, na shangazi mwenyewe, ambaye zamani alifungua barua moja, akaichapa na kuifunga, siku hizi hufungua barua tatu, kurasa tano za kivinjari, programu ya skana na WhatsApp ya kupokelea picha za wateja, vyote kwa wakati mmoja.

Kabla ya kununua chochote niliomba nikae naye dukani siku nzima, nikiwa na daftari. Ninamsihi kila mwenye kompyuta ya zamani afanye hivyo, kwa kuwa haigharimu senti na ndiyo hatua inayorukwa na watu wengi. Kwenye Windows, ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, hufunguka dirisha linaloonyesha prosesa, kumbukumbu na diski zinavyotumika, na hapo mashine hujieleza yenyewe. Asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, kumbukumbu iliyokuwa imeshikwa ilikuwa GB 1.4. Saa nne asubuhi, duka lilipochangamka, ilifika GB 2.9, huku mahitaji ya programu zote kwa jumla yakiwa yamevuka GB 5. Prosesa haikupita asilimia thelathini isipokuwa kwa muda mfupi mfupi. Diski, kinyume chake, ilikuwa asilimia mia moja na ilibaki hapo, na taa yake ndogo ya mbele iliwaka bila kupepesa. Mtu asiyejua angesema diski ni mbovu, au prosesa ni dhaifu. Ukweli ni kwamba prosesa ilikuwa imekaa bure ikisubiri diski, na diski ilikuwa ikifanya kazi isiyokuwa yake.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima kusema kidogo kumbukumbu hii ni kitu gani. Wengi wetu tunapoulizwa kumbukumbu ya kompyuta hufikiria mahali ambapo picha na barua huhifadhiwa, yaani diski. Kumbukumbu ninayoizungumzia hapa, yaani RAM, ni kitu kingine. Ni mahali ambapo kazi huwekwa wakati inapofanywa, na umeme ukikatika kila kilichokuwamo hupotea. Mji wetu wa Tanga unaitwa kwa msemo wa waja leo, waondoka leo, na sijapata msemo unaoielezea RAM vizuri kuliko huo. Kila biti moja, yaani sifuri au moja, huhifadhiwa kama chaji ndogo sana ya umeme ndani ya kijichombo ambacho kinavuja, na kwa sababu kinavuja, mashine hulazimika kuisoma na kuijaza upya kila chaji ndani ya milisekunde 64, yaani takriban mara kumi na tano kwa kila sekunde, muda wote kompyuta ikiwa imewashwa. Katika kipande cha GB 4 zimo biti 34,359,738,368, na zote hutunzwa hivyo. Njia ya kuhifadhi biti moja kwa transista moja, ambayo ni swichi ndogo ya umeme, na kijichombo kimoja ilibuniwa na Robert Dennard wa IBM mwaka 1966, na hataza yake ikatolewa mwaka 1968. Mwaka 1970 kampuni ya Intel ikauza chipu iliyoitwa 1103, yenye biti 1,024 tu. Huwa ninaushangaa uvumbuzi huu kila ninapokishika kipande cha RAM mkononi, kwamba kitu kinachosahau mara kumi na tano kwa sekunde ndicho ambacho kazi zetu zote zimekitegemea.

Sasa, kumbukumbu inapojaa, mfumo endeshi haukatai kazi mpya. Huchukua baadhi ya vilivyomo ndani ya RAM, vile visivyotumika kwa dakika hiyo, na kuviandika kwenye sehemu ya diski iliyotengwa kwa shughuli hiyo. Ukivihitaji tena huvirudisha na kuvitoa vingine. Ni mpango mzuri kwa dharura, lakini diski ya kuzunguka haiwezi kuwa kumbukumbu. Sahani zake huzunguka mara 7,200 kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3, na kwa wastani mkono unaosoma husubiri nusu ya mzunguko baada ya kwisha kusogea mahali pake. Ukijumlisha unapata milisekunde kumi na mbili au kumi na tatu kwa kila safari ya kutafuta kitu kimoja. RAM huitikia ndani ya nanosekunde zisizofika mia. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara laki moja: kama kuchukua kitu kwenye RAM kungekuwa sekunde moja, kukifuata kwenye diski kungekuwa sawa na kupanda basi kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam na kurudi, mara mbili au tatu, bila kulala njiani. Hizo ndizo sekunde ishirini alizokuwa akizisubiri shangazi kila alipobofya.

Kwenye daftari langu kulikuwa na jambo la pili, ambalo kama nisingelitazama ningempotezea fedha zake. Ukurasa unaoeleza sifa za mashine ulisema kumbukumbu iliyowekwa ni GB 4, lakini inayotumika ni GB 3.16. Maelezo ya tofauti hiyo yalikuwa mistari miwili chini yake: mfumo endeshi ulikuwa wa biti 32. Mfumo wa namna hiyo huhesabu anwani za kumbukumbu kwa tarakimu 32 za sifuri na moja, na anwani zinazowezekana ni 4,294,967,296, basi. Sehemu ya anwani hizo hukabidhiwa kadi ya michoro na vifaa vingine, na kumbukumbu inayoangukia hapo hubaki bila anwani, kama nyumba iliyojengwa mahali pasipo na njia. Ningeweza kumwekea shangazi RAM ya GB 16, kiwango cha juu kinachotajwa kwa bodi yake, yaani ubao mkuu unaobeba chipu na vifaa vyote, na bado angeendelea kutumia zilezile GB 3.16. Jirani yake mmoja mwenye duka la kuchapa fulana alikwisha kupitia hali hiyo. Alinunua RAM, akaichomeka, akaona hakuna nafuu yoyote, akaamini ameuziwa kitu kibovu. RAM yake ilikuwa nzima.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kuhamia mfumo wa biti 64, na hilo halifanyiki kwa kupandisha juu ya ule wa zamani. Sharti uondoe na kuweka upya. Nilitumia Jumapili nzima kunakili faili za shangazi kwenye diski ya nje, nikazihesabu mara mbili, kisha nikaendelea. Mengine ya siku hiyo ni ya kawaida kwa yeyote aliyewahi kuweka mfumo endeshi.

Kuchagua kipande cha RAM kunahitaji macho zaidi kuliko fedha. Vizazi vya RAM haviingiliani. DDR2 na DDR3 zote zina pini 240 na ukiziweka mezani zinafanana kama pacha, lakini mwanya uliokatwa kwenye ukingo wa chini uko mahali tofauti, na umeme wake ni tofauti: DDR2 hutumia volti 1.8, DDR3 volti 1.5, na DDR4, ambayo ina pini 288, hutumia volti 1.2. Mwanya huo upo kwa makusudi, ili usiweze kukiingiza kipande mahali pasipo pake. Nimewahi kukutana na bodi ambayo nafasi yake ya RAM ilipasuka kwa sababu mtu aliona haiingii akazidisha nguvu, na iliniuma, kwa kuwa kipande kisichoingia kinakwambia jambo, na kinalisema mapema kabla hakijaharibika kitu.

Mashine ya shangazi inatumia DDR3. Lebo za DDR3 huandikwa kwa namna mbili zinazowachanganya wanunuzi: mara utaona 1333, mara utaona PC3-10600, na vyote viwili ni kitu kimoja. Ya kwanza ni idadi ya mahamisho kwa sekunde katika mamilioni, na ya pili ni hiyohiyo ikizidishwa kwa baiti nane zinazopita kwa kila hamisho, kisha ikakadiriwa. Ukinunua ya kasi zaidi, kwa mfano PC3-12800, itakubali kwenda kwa mwendo wa bodi. Na ukichanganya za kasi mbalimbali, zote hufuata ile ya polepole. Herufi ya mwisho nayo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Zimo sokoni RAM za bei nafuu zilizong'olewa kwenye seva, ambazo lebo yake huishia na R. Ni nzuri sana mahali pake, lakini kompyuta ya kawaida ya mezani haiwezi kuzitumia. Unayoihitaji huishia na U, endapo muuzaji hakuibandua lebo.

Pamoja na kuyajua yote hayo, nilikosea. Niliagiza kutoka duka moja la Dar es Salaam kipande kimoja cha GB 8, kwa bei ambayo ilinifurahisha, na kikaletwa kwa basi. Nilikipokea stendi ya Kange siku ya pili yake. Nilikichomeka peke yake, nikawasha. Kioo kilibaki cheusi. Taa ya kuwashia ikamwekamweka nyekundu mara tano, na kwa kila mmweko kikatoka kilio kifupi, kisha kimya cha sekunde mbili, kisha tena vilevile. Kwa mashine hizi za HP, miale mitano myekundu pamoja na vilio vitano humaanisha kwamba kumbukumbu haikusomeka. Nilikisafisha, nikakihamisha nafasi hadi nafasi, nikarudisha vipande vya zamani na mashine ikawaka bila shida. Nikampigia muuzaji, naye akanihakikishia kwamba kipande ni kipya na kimejaribiwa.

Nilikipeleka kwa fundi mmoja wa Chumbageni, mtu mzima aliyeanzia kwenye redio kabla ya kuingia kwenye kompyuta. Alikitazama kwa kioo cha kukuzia bila kusema neno, kisha akakichomeka kwenye mashine nyingine iliyokuwa wazi mezani pake, nayo ikawaka mara moja.

"Nzima hii, mwanangu," akasema. "Lakini si ya mashine yako. Hii ni ya AMD."

Nilirudi nyumbani na kuisoma sababu yake hadi usiku, na ninaieleza hapa kwa kirefu kwa kuwa vipande hivi vimejaa sokoni na bei yake hushawishi. Prosesa huzungumza na RAM kwa biti 64 kwa mara moja. Kipande cha kawaida huzipata biti hizo kwa kuunganisha chipu nane, kila chipu ikitoa biti nane. Chipu kumi na sita huwa ni safu mbili za nane nane, na mashine huziita kwa zamu. Vipande hivi vya bei nafuu vina chipu kumi na sita pia, ila kila moja hutoa biti nne tu, hivyo chipu zote kumi na sita ni safu moja. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Baadhi ya prosesa za AMD, kampuni inayoshindana na Intel, zinaujua mpangilio huo. Kidhibiti cha kumbukumbu kilichomo ndani ya prosesa za Intel za kompyuta za mezani za wakati ule kinaelewa chipu za biti nane na za kumi na sita peke yake. Kwa hiyo muuzaji alisema kweli kwamba kipande ni kizima, na mimi nilisema kweli kwamba hakifanyi kazi. Kilichokosekana ni swali moja kabla ya fedha kutoka mfukoni, yaani kitawekwa kwenye mashine gani. Alikubali kukibadilisha baada ya siku kadhaa za kuandikiana, nami nikaongeza kidogo na kuchukua vipande viwili vya GB 4, PC3-10600U.

Kuchukua viwili badala ya kimoja kulikuwa na faida yake. Bodi ya mashine hii ina nafasi nne zilizogawanywa katika njia mbili, na ukiweka vipande vinavyolingana, kimoja kwa kila njia, prosesa husoma njia zote mbili kwa pamoja. Kwa DDR3 ya 1333 kila njia ina uwezo wa takriban GB 10.6 kwa sekunde, na mbili huongeza maradufu. Kwa kompyuta ambayo haina kadi yake ya michoro, ambayo hukopa sehemu ya RAM ili kuchora kioo, jambo hili huonekana kwa macho.

Siku ya kuvichomeka nilimtaka shangazi akae karibu, kwa sababu sipendi mtu amiliki kitu asichowahi kukiona ndani yake. Tulichomoa waya wa umeme ukutani, si kuzima tu, kwa kuwa mashine iliyozimwa lakini ikabaki kwenye umeme huendelea kupeleka umeme kidogo kwenye RAM, na kuchomeka kipande katika hali hiyo kunaweza kukiunguza pamoja na bodi. Kisha nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyosalia imalizike, nikagusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini mwangu upite huko badala ya kupita kwenye chipu. Katika umbo hili dogo, kibebeo cha visomaji huinuliwa juu kama kifuniko cha kasha la nguo, na nafasi za RAM ziko chini yake.

Huko chini tulikuta vumbi lililoshikana kama sufi, lenye unyevu. Hewa ya pwani ina chumvi, na dukani kwa shangazi madirisha hukaa wazi mwaka mzima, kaskazi na kusi. Pini za vipande vya zamani zimepakwa dhahabu, na dhahabu haishiki kutu, lakini pale ambapo imechubuka madini ya chini yake hubadilika rangi, na kwenye kipande kimoja palikuwa na alama za kijani mithili ya zile za sarafu ya zamani. Mafundi wengi husugua pini kwa raba ya shuleni. Mimi huanza na pamba yenye spiriti safi, na raba huitumia pale tu panapokataa, tena kwa mkono mwepesi, kwa sababu tabaka lile la dhahabu ni jembamba kupita kiasi na kila msuguo huondoka nalo kidogo.

Kuchomeka kwenyewe ni kazi ya dakika moja. Unavifungua vibanio vya ncha zote mbili, unaulinganisha mwanya na kigingi kilichomo ndani ya nafasi, kisha unakandamiza ncha zote mbili kwa vidole gumba mpaka vibanio vijifunge vyenyewe kwa mlio wa ka. Nguvu inayohitajika ni kubwa kuliko anavyotarajia mtu anayefanya mara ya kwanza, na bodi hujikunja kidogo. Mkono wa shangazi ulisita kwenye kipande cha pili, aliposikia mlio akaguna kwa kuridhika. Vipya viwili vilikaa kwenye jozi moja ya nafasi, vya zamani viwili vya GB 2 kwenye jozi nyingine, jumla GB 12. Mashine ikawaka, ikazihesabu zote.

Sikuirudisha dukani jioni ile. Niliweka Memtest86+ kwenye flashi, programu ya bure ambayo huwaka bila mfumo endeshi wowote, ikaandika mifumo mbalimbali ya sifuri na moja kwenye kila anwani ya kumbukumbu na kuisoma tena kuona kama imebaki ilivyoandikwa, nikaiacha usiku kucha. Alfajiri, niliporudi kutoka msikitini, kioo kilikuwa na mistari myekundu. Makosa yote yalikuwa katika eneo moja dogo la anwani.

Kwanza nilidhani ni vipya, na moyo ulinianguka nikikumbuka siku zile za kuandikiana na muuzaji. Nikavitoa vyote na kuvijaribu kimoja kimoja, katika nafasi ileile, jambo lililonichukua siku nzima na sehemu ya siku ya pili. Vipya vyote viwili vilipita salama. Kilichoshindwa ni kimojawapo cha vya zamani, kile chenye alama za kijani. Nilikisafisha tena, nikakihamishia nafasi nyingine, na makosa yakajirudia kwenye anwani zilezile. Ubovu ulikuwa ndani ya chipu, haukuwa kwenye pini.

Nilimpigia shangazi kumuuliza kama mashine iliwahi kujizima ghafla na kutoa kioo cha buluu. Akasema ilikuwa ikifanya hivyo mara moja au mbili kwa mwezi, kwa miaka, na kwamba kuna barua za wateja alizozihifadhi vizuri na siku ya pili zikakataa kufunguka, hata akalipa fidia ya kadi za harusi ambazo alilazimika kuziandika upya. Siku zote aliambiwa ni virusi. Ninaamini sehemu kubwa ya hayo ilitoka kwenye kipande hiki: biti moja ikigeuka wakati faili imo kwenye RAM, huandikwa kwenye diski ikiwa imegeuka hivyohivyo, na hakuna kinachoweza kuirudisha. Kompyuta hizi za kawaida hazina RAM yenye uwezo wa kujisahihisha, kwa hiyo kosa hupita bila kelele. Kama nisingelikiacha kipimo kile kiende usiku kucha, ningekuwa nimemwongezea shangazi kumbukumbu nzuri na kumwachia mbovu pembeni yake.

Nikavitoa vya zamani vyote viwili, mashine ikabaki na GB 8, na nikarudi na daftari langu kukaa dukani siku nyingine. Kuwaka hakukubadilika sana: kulikuwa dakika mbili na nusu, kukawa dakika mbili na robo, kwa kuwa kuwaka ni kazi ya diski, na tiba yake ni SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka. Lakini kutoka kwenye barua kwenda kwenye kivinjari, kule kulikokuwa sekunde ishirini, hakukuhesabika tena. Saa nne asubuhi, programu zote zikiwa wazi, kumbukumbu iliyoshikwa ilikuwa GB 4.9, na taa ya diski ilikuwa imetulia, ikimweka mara mojamoja tu shangazi alipohifadhi kazi.

Miezi mingine imepita tangu wakati ule. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10, na Windows 11 haiikubali rasmi prosesa ya umri huu, kwa hiyo mashine sasa inatumia Linux Mint ya biti 64, mfumo endeshi wa bure. Shangazi alilalamika kwa wiki moja kuhusu mahali zilipohamia baadhi ya alama, kisha akazoea. GB 8 zinaitosha bila kujibana. Wale wanaomwambia hata sasa aitupe wananiudhi, nakiri, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufungua lile dirisha la vipimo kabla ya kutoa hukumu yake.

Kipande kizima cha GB 2 nilimpa yule fundi wa Chumbageni, naye amekiweka kwenye mashine ya mwanafunzi mmoja aliyekuwa na GB 1. Kile kibovu aliniomba pia, akasema kuna wanaonunua vya kujaribia, na nikamkatalia kwa adabu. Nimeandika "mbovu" kwa wino mwekundu pande zake zote mbili, nikakipitisha msumari katikati ya chipu ili kisije kikarudi sokoni, na kimo katika droo ya shangazi, chini ya kitabu cha risiti.